Mraba wa Likwata

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Amefika. Gari jeupe mbele ya zahanati, masanduku manne ya barafu, mashine ya ultrasaundi inayobebwa begani kama mkoba wa shule. Dokta Salima Abdurahmani, mtafiti wa magonjwa ya figo na vinasaba. Nilidhani nitaona mtu mzima. Ni binti wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mtandio wa kijani. Na mzaliwa wa Songo Mnara! Kisiwa ambacho wakati wangu mtoto akimaliza darasa la saba alipigiwa vigelegele.

Anatafuta familia ambazo figo zinaua mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza kwenye orodha yake: kina Likwata, hapa hapa Mingoyo.

Nilisimama ng'ambo ya barabara nusu saa. Sikuvuka.

Miaka ishirini na tisa nilipima mikojo ya watu hawa kwenye maabara ya hospitali ya misheni. Taa ya spiriti, bomba la kioo, matone matatu ya siki kali. Mkojo ukichemka ukaganda mweupe kama ute wa yai, basi, figo zimeharibika. Waliniita Mzee Mkojo nikiwa bado kijana, wananiita hivyo hadi leo. Kufikia mwaka 1991 nilikuwa na majina kumi na moja ya ukoo ule kwenye daftari, na mishale kati yao. Anayeugua, karibu nusu ya watoto wake wanaugua. Asiyeugua mpaka uzeeni, wanawe wako salama. Niliona mwenyewe, kwa msaada wa kitabu kimoja cha masista kuhusu mtawa aliyekuwa akipanda njegere. Nikamwandikia mganga mkuu barua ya kurasa nne.

Sikujibiwa. Yeye amejibiwa kwa masanduku ya barafu.

Jumatano, 4 Septemba

Alikuja kwangu! Alivua viatu mlangoni, hilo nakiri. "Shikamoo, babu." Marahaba. Akaketi. Akasema ameambiwa nawajua wazee wote wa hapa na Kimwera nakisema vizuri kuliko wenyewe. Nikangoja aongeze: na ulikuwa maabara. Hakuongeza.

Akatazama rafu yangu ya vitabu. "Hivi ni vya padri gani, babu?"

Vyangu, nikamwambia.

Akaona haya kidogo, akaanza kunieleza ugonjwa. Polepole, mkono ukichora hewani, kama anavyoelezwa mtoto. Ni vifuko vya maji, babu, vinaota ndani ya figo, vinaongezeka mwaka hadi mwaka mpaka figo inakosa nafasi ya kufanya kazi. Mtu akifika arobaini, hamsini, damu inachafuka. Kabla ya miaka thelathini hata picha inaweza kutoka safi na mtu anao. Ndiyo maana lazima tuuchore mti wa ukoo sawasawa, picha peke yake inadanganya.

Niliitikia kwa kichwa. Daftari lilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, hatua mbili kutoka kwenye unyayo wake.

Aliomba nifuatane na msaidizi wake, Jonas, nyumba kwa nyumba, nimsaidie lugha na adabu za wazee. Nikasema goti linanisumbua.

Goti langu ni zima. Jana nilitembea hadi mashambani na kurudi.

Ijumaa, 6 Septemba

Redio ya mkoa, saa mbili asubuhi. Mtangazaji: "mtafiti wa kwanza kubaini kwamba ugonjwa huu unapita katika koo za kwetu." Wa kwanza!

Nilizima. Chai ikapoa.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimeandika tarehe mara mbili kwa furaha. Mbaya, furaha ya namna hii, lakini ni yangu na hapa hasomi mtu.

Nilikwenda zahanati kuchukua dawa ya presha. Ukutani kwenye chumba chao wamebandika mti wa kina Likwata, karatasi pana kama mkeka. Mwanamume mraba, mwanamke duara. Mgonjwa amepakwa wino mweusi, mzima ameachwa mweupe. Safi kabisa. Mistari imenyooka kwa rula. Wivu ulinishika. Ni mishale yangu, ila imevaa suti.

Jonas alikuwa anakula mihogo. "Karibu mzee, tazama tu, usikonde." Nikatazama. Na nikaliona.

Juu, bibi wa ukoo, duara jeusi. Chini yake wanawe wawili. Katarina, duara jeusi, amekufa. Kisha mraba: Likwata. Mweupe. Umri sabini, hai, figo safi. Chini ya Likwata, binti yake Genoveva, miaka ishirini na mitano, ambaye anafundisha chekechea hapa. Mweupe naye.

Mraba mmoja! Likwata ni wawili.

Likwata wa kwanza, mtoto wa yule bibi, ndugu wa Katarina, alikufa Novemba 1999. Mkojo wake niliuchemsha mwenyewe, 14 Agosti 1998, ukurasa wa thelathini na moja. Uliganda mpaka nikaweza kupindua bomba. Aliacha mjane na mtoto wa miezi kumi, Genoveva. Kwao Wamwera jina la mtu mkubwa halizikwi. Wakakaa kikao, wakamchagua Sipriani arithi jina, mtoto wa mama mdogo, yaani mdogo wake yule bibi, ambaye hakuugua kamwe, naye ni tawi safi. Siku ya kumaliza matanga alifunikwa shuka jeupe chumbani, akatolewa uani. Nani aliyetangaza? Mimi. Mmakonde, mtani wao, kazi hiyo ni ya watani. Nilipiga kelele mbele ya watu: Likwata amerudi! Wakaangua vigelegele. Mwaka uliofuata padri akamfungisha ndoa na mjane. Tangu siku ile hakuna kinywa kilichomwita Sipriani. Kumwambia yeye si Likwata ni kumuua marehemu mara ya pili. Hata Genoveva hakuambiwa. Mama yake alifariki miaka sita iliyopita bila kulisema.

Jonas, kijana wa Dar, akaja na fomu yake. Wewe ndiye Likwata? Ndiye. Katarina ni dada yako? Dada yangu. Genoveva ni mtoto wako? Wangu. Hakuna hata neno moja la uongo, kwa desturi. Kwa damu, yote matatu si kweli.

Mtani angekuwepo angemvuta Jonas pembeni. Mtani alikuwa anaumwa goti.

Sikusema kitu. Jonas akanipa kipande cha muhogo. Jumamosi tarehe 21 ni mkutano wa mrejesho, mkuu wa wilaya atakuwepo, madaktari wa Lindi, redio. Nitainuka. Nitasema kwa upole, dokta, mti wako una kosa. Kisha nitafungua daftari.

Jumatano, 11 Septemba

Nimepiga pasi koti. Nimelitia daftari jalada jipya la plastiki. Nimeandika hotuba, dakika nne, nimeipunguza hadi tatu.

Mchana nikajaribu kuchora mti wangu mwenyewe, kwa rula, kama wao. Mraba: mimi, Klementi. Duara juu: mama. Tulivuka Ruvuma mwaka 1965, nikiwa na miaka tisa, naye akafa kambini kabla ya masika. Baba, mraba usio na tarehe. Ndugu zake walibaki upande wa pili, sijui majina. Pembeni yangu duara moja, Mary, mke wangu, amefariki. Chini hakuna mstari.

Karatasi nzima nyeupe. Miaka hamsini na tisa hapa na sokoni bado ni "yule Mmawia", Mmakonde wa ng'ambo. Nawaonea wivu kina Likwata hata ugonjwa wao. Wanajua wameutoa kwa nani.

Nimechana.

Jumapili, 15 Septemba

Sina raha.

Baada ya misa Likwata alinikamata mlangoni, mbele za watu. "We Mmawia! Kanisa letu limejaa, nenda kasali kwenu Msumbiji!" Nikamjibu nikienda nani atamzika, Wamwera wanaogopa hata maiti zao. Watu wakacheka. Kila Jumapili tunafanya hivyo. Kisha akaniinamia, sauti ikabadilika. Alikuwa anang'aa. Genoveva anakwenda Dar. Anamtolea figo Fidelis.

Fidelis ni mtoto wa Katarina, miaka thelathini na nane, amekulia Dar kwa watu wa baba yake. Mwaka wa pili sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Ndugu wengine wote wamepimwa, hawafai. Genoveva damu yake imelingana na ya Fidelis, picha imetoka safi.

"Na ule mti wa dokta umesaidia sana," Likwata akasema. "Hospitali waliuliza, je, kwa baba wa binti kuna ugonjwa? Dokta Salima akaandika barua, hakuna, baba ana miaka sabini na figo zake kama za kijana. Figo zangu mimi, Klementi!" Akajipiga mgongoni, hapa kiunoni.

Nikasema Mungu awasaidie. Nikaondoka.

Niandike ilivyo. Genoveva ni mtoto wa mgonjwa. Nusu kwa nusu, anao. Miaka ishirini na mitano, picha safi haina maana yoyote, dokta mwenyewe alinieleza. Kama anao, watamtoa figo moja na ile itakayobaki itajaa maji akiwa na arobaini. Na Fidelis atakuwa amepewa figo yenye ugonjwa ule ule. Wawili kwa kisu kimoja.

Tarehe hakuitaja. Hospitali huahirisha, siku zote huahirisha. Mkutano ni Jumamosi. Itatosha.

Itatosha?

Jumanne, 17 Septemba

Upasuaji ni Ijumaa, tarehe 20. Asubuhi. Siku moja kabla ya mkutano.

Nilimuuliza Jonas kwa kuzunguka, kama mtu mwenye udadisi tu. Genoveva ameshaondoka jana kwa basi la alfajiri. Jonas akanitazama. "Mzee, kuna kitu unataka kusema? Naona umesimama hapo mlangoni kama mgambo." Na kompyuta ilikuwa wazi mbele yake, mti wote umo humo, kidole chake kilikuwa juu ya kitufe.

Sentensi moja. Likwata ni wawili, na wa kwanza alikufa kwa figo. Maneno tisa.

Nikaona nini kitafuata. Jonas ataandika. Atamtumia dokta. Dokta atashtuka, atarekebisha, atapiga simu hospitali, na Jumamosi atasimama mbele ya mkuu wa wilaya: timu yetu imebaini. Timu yetu! Nami nitakuwa kwenye kiti cha plastiki nyuma, na koti langu.

Nikasema hapana, nilikuwa napita. Nikaomba namba ya dokta. Nitamwambia yeye mwenyewe.

Nilikuwa na vocha. Sikupiga.

Jumatano, 18 Septemba

Sikupiga.

Nimeanika mbaazi. Nimezipembua mara mbili, zilikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Alhamisi, 19 Septemba. Saa saba mchana

Nimepiga tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mara tisa. Inaita, haipokelewi. Nilikwenda zahanati, chumba chao kimefungwa. Nesi akasema Jonas yuko visiwani Kilwa anachukua damu, mtandao huko haushiki. Nikamwomba namba ya hospitali ya Dar. Hana. Namba ya Genoveva? Hana, muulize baba yake.

Nimerudi nyumbani. Bado naendelea kupiga.

Saa tisa kasoro

Amenipigia.

Naandika kila neno, ili nisije nikajidanganya baadaye.

"Babu Klementi? Shikamoo. Nimeona simu zako nyingi. Samahani, niko uwanja wa ndege huku nje, narudi nyumbani, tunaingia sasa hivi kwenye ndege, nina dakika mbili. Kuna tatizo?"

Dakika mbili! Hotuba yangu ilikuwa ya tatu. Nilikuwa nimeishika mkononi. Sijui kwa nini nilikuwa nimeishika.

Nikasema: Dokta, kwanza nataka ujue kwamba mwaka 1991 mimi niliandika barua.

"Barua gani, babu?"

Nikamweleza barua. Kurasa nne. Nikamweleza taa ya spiriti. Nikamwambia yeye si wa kwanza, redio imedanganya watu, ushahidi ninao, majina kumi na moja na mishale. Nilisikia sauti yangu ikipanda, ya mtoto aliyenyang'anywa. Yeye akasema kwa upole, kwa upole wa kweli, na hilo ndilo linaloniunguza: "Babu, sikujua. Nisamehe sana. Mbona hukuniambia siku ile? Jumamosi nitakupa nafasi uongee, jina lako litaingia kwenye utafiti, naahidi. Naomba sasa nizime simu, wananiita."

Nikasema, ngoja, kuna Genoveva.

Alikuwa ameshakata.

Nimepiga. Imezimwa. Nimepiga. Imezimwa. Nimemwandikia ujumbe, GENOVEVA NI MTOTO WA LIKWATA ALIYEKUFA 1999 KWA FIGO, MSIMPASUE. Haujafika. Ndege yake inatoka nje ya nchi, atatua kesho.

Nilichokitaka miaka thelathini na tatu nimekipata. Nimekipata chote, ndani ya dakika mbili.

Nakwenda kwa Likwata.

Saa kumi na moja alasiri

Niko barazani kwake. Daftari nililibeba, na kalamu ilikuwa ndani yake. Naandikia nyuma ya ukurasa wa thelathini na moja, shajara imebaki nyumbani. Nitanakili.

Alinipokea kwa matusi ya utani, kama kawaida. Mmawia, umefuata harufu ya ugali? Sikumjibu. Akaona. Mtani asiyejibu ni msiba. Akaniambia kaa.

Nikamwonyesha ukurasa. Tarehe, jina, namba ya kitanda. Alisoma mwenyewe, kidole chini ya mstari. Nikamweleza kila kitu, nusu kwa nusu, picha safi isiyo na maana, Ijumaa asubuhi. Nilimwita Sipriani. Mara ya kwanza kwa miaka ishirini na tano. Hakukasirika. Aligeuka tu kutazama nyuma yake, kama kuna mtu mwingine kaitwa.

Kisha akauliza: "Umejua tangu lini?"

Nikasema Jumatatu ya wiki iliyopita.

"Wiki iliyopita."

Tarehe tisa.

Akahesabu kwa vidole. Alipofika kumi akaanza tena mkono wa kwanza, akakiacha kidole kimoja hewani. "Ulikuwa unangoja nini, Klementi?"

Nilisema mkutano.

Kuku wakapita kati yetu. Nikamwambia nipe namba, nitampigia mimi, mtani anaruhusiwa kusema lisilosemeka, ndiyo kazi yetu. Wewe usitie mdomo wako. Nilisema hivyo kwa kumhurumia, nadhani. Au nilitaka tena niwe mimi.

Akasimama. "Umeshaongea ya kutosha leo." Akachukua simu, akaingia ndani, akavuta mlango. Haukufunga vizuri, ubao umevimba.

Namsikia. Simu imeita mara tatu.

"Marahaba, mwanangu."

Anamuuliza amekula nini. Anamuuliza kitanda, neti ipo? Manesi wana heshima? Fidelis anaendeleaje? Sauti ya binti siisikii, nasikia kimya chake tu, na baba anacheka kidogo katikati. Anamuuliza kama shuka ni zile alizotoka nazo nyumbani. Anamwambia mbaazi za huku zimekauka vizuri mwaka huu.

Na mimi, hapa, baada ya yote niliyoyafanya, bado ninao. Namwonea wivu. Anakwenda kumwambia msichana kwamba yeye si baba yake, na namwonea wivu kwa kuwa anacho cha kupoteza.

"Genoveva, uko peke yako hapo? Toa watu. Kaa chini, mama."

Humo ndani kiti kimelia.

Bado hajasema.